Kihamba Bila Mrithi: Jinsi Mabadiliko ya Watu Yanavyobadili Mila za Uchaggani

Ukizungumza na watu wa Kilimanjaro kuhusu kijiji chao utasikia malalamiko mawili yanayopingana, mara nyingi kutoka kinywa kimoja. La kwanza: ardhi imekwisha, tumebanana, kijana hana hata pa kujenga. La pili: watu wamekwisha, nyumba zimefungwa, hakuna wa kukatia ng'ombe majani. Mgeni atadhani mmojawapo anatia chumvi. Yote mawili ni kweli, na ukielewa yanavyokuwa kweli kwa wakati mmoja utaelewa karibu kila kinachozipata mila za Wachagga leo, kuanzia mbege, pombe yao ya ndizi, hadi mazishi.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 1967 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro na watu 652,722. Ya 1978 ilihesabu 902,437. Mwaka 2012 walikuwa 1,640,087, na 2022 wakafika 1,861,934. Kwa hiyo katika miaka 55 watu wa mkoa wamekaribia kuwa mara tatu. Lakini tazama mwendo wenyewe ulivyopungua: kati ya 2012 na 2022 Kilimanjaro iliongezeka kwa asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Mwaka 1967, katika kila Watanzania 100, watano na ushei walikuwa wakiishi Kilimanjaro. Mwaka 2022 walikuwa watatu. Takwimu hizi ni za mkoa wote, wakiwemo Wapare wa Mwanga na Same, ambao huko milimani kwao mambo yanafanana sana na haya ninayoyaeleza.

Mwendo huo umepungua kwa sababu mbili. Wanawake wa Kilimanjaro wanazaa watoto wachache kuliko wenzao wa mikoa mingi. Ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo kabisa nchini. Na watoto hao wachache, wakishamaliza shule, wanaondoka. Ongezeko linalobaki linaangukia zaidi Moshi mjini, Himo na tambarare za chini, kwenye mahindi na mpunga. Kule juu, kwenye ukanda wa migomba ambako ndiko mila zilikozaliwa, sehemu ya wazee inakua na sehemu ya vijana wenye nguvu inapungua. Ardhi imejaa mipaka, nyumba na makaburi. Mikono ndiyo iliyopungua.

Mila iliyowafukuza watoto wa kati

Kihamba ni shamba la nyumbani. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kuna kahawa, magimbi na viazi vikuu, juu yake kuna miti ya kivuli na ya mbao, na pembeni kuna zizi. Vihamba vimetanda mteremkoni, takriban kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, kimoja kikigusana na kingine, mpaka ukiwa umepandwa mimea ya masale. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu kuwa mojawapo ya urithi wa kilimo wa dunia.

Kihamba kina sifa moja iliyobeba mambo mengi: hakikuwa mali ya mtu mmoja kwa maana ya kuuza na kununua. Kilikuwa cha ukoo, na kilipita kwa wanaume. Mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa ardhi alipooa, na ndiye aliyetazamiwa kushika nafasi ya baba katika ukoo. Kitinda mimba alibaki nyumbani, akawatunza wazazi, na wakishafariki akarithi kihamba chao. Watoto wa kati walitakiwa watafute kwingine. Zamani hilo halikuwa tatizo kubwa. Baba alipanda kwa mangi, yaani chifu, na zawadi mkononi, akamwombea mwanawe sehemu isiyo na mtu, naye kijana akaanza kihamba kipya.

Utaratibu huo ulifanya kazi maadamu kulikuwa na sehemu isiyo na mtu. Katika karne ya 20 sehemu hizo zilikwisha. Juu, Wajerumani walikuwa wameshautangaza msitu kuwa hifadhi, na mwaka 1941 serikali ya Waingereza ikatenga ukanda wa nusu maili pembeni mwake ili wananchi wapate kuni na majani bila kuingia msituni kwenyewe. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1973, na baadaye ukanda huo nao ukaingizwa ndani yake, jambo ambalo vijiji vya juu vinalilalamikia mpaka leo. Chini kulikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, kisha ukame na malaria. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa nchi nzima, na mzazi hakuwa tena hata na mangi wa kumwendea. Kihamba kikaanza kukatwa vipande: ekari mbili zikawa moja, moja ikawa nusu, na leo wapo wenye robo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mji ndio uliowaharibu Wachagga. Mila zenyewe zilikuwa zikimwambia mtoto wa kati aondoke. Biashara za Wachagga unazozikuta Mwanza, Mbeya, Kariakoo na kwenye machimbo ya madini zina asili yake hapo: kijana aliyekua akijua tangu utoto kwamba kihamba cha baba hakitakuwa chake. Uchumi wa mjini ulimpa mahali pa kwenda. Sababu ya kwenda alitoka nayo nyumbani.

Kahawa iliyosomesha

Wamisionari Wakatoliki wa Kilema ndio walioanza kupanda kahawa mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga waliiona, wakaichukua, wakaipanda chini ya migomba yao. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha Kilimanjaro Native Planters Association, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika, ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa fahari ya mlima. Kila kijiji kilikuwa na chama cha msingi chenye ghala na mizani, na malipo ya kahawa yalipanga mwaka wa familia: ada, mabati, nguo za Krismasi, mahari ya kaka.

Fedha hizo ziliingia shuleni. Wamisionari walikuwa wameleta shule mapema, Walutheri wakianzia Machame mwaka 1893, na kahawa ikawapa wazazi uwezo wa kuwaweka watoto darasani mwaka baada ya mwaka. Katika miaka ya 1980 wazazi na makanisa walijenga sekondari nyingi kwa nguvu zao wenyewe, wakibeba mawe na kuchangishana. Naliona jambo hilo kuwa la heshima kubwa. Matokeo yake ni kwamba kahawa ilisomesha watoto ambao hawakurudi kuichuma. Zaidi ya hapo, elimu ilivuruga mpango wa urithi kwa namna ambayo hakuna mzee aliyeitazamia, kwa sababu haikuchagua watoto wa kati peke yao. Ilimchukua wa kwanza, na ilimchukua hata kitinda mimba, yule ambaye kazi yake ilikuwa kubaki.

Kisha kahawa yenyewe ikaanguka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika. KNCU ilirudi 1984 ikiwa dhaifu. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza kahawa duniani ulikwama na bei ikaporomoka. Dawa za chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ya kahawa, zikapanda bei wakati ambapo kahawa haikuwa ikilipa. Wengine waling'oa mibuni wakaweka nyanya, maharage, baadaye parachichi. Wengine waliiacha tu izeeke. Kijana wa 1960 aliyeondoka alikuwa na kihamba kinacholipa nyuma yake. Kijana wa 1995 alikuwa anaacha kitu ambacho baba yake mwenyewe alikuwa anakigharamia kutoka mfukoni.

Ng'ombe asiyetoka zizini

Mabadiliko ya idadi ya watu hayaingii kwenye utamaduni kwa mlango wa mbele. Huanza na kazi ndogo ambayo siku moja haikufanyika.

Mfano mzuri ni ng'ombe. Uchaggani ng'ombe wa kihamba hatoki kwenda malishoni, hana pa kwenda. Analetewa. Kila siku mtu anatoka na panga na kamba, anakata majani kandokando ya barabara, kwenye makorongo, au anateremka tambarare kufuata mabua ya mahindi, anarudi na mzigo kichwani. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Anakatakata na magogo ya migomba, ambayo yana maji mengi, na hayo yanampunguzia kazi ya kumtekea ng'ombe. Samadi inakusanywa na kuzungushiwa migomba. Mgomba ulioshiba samadi unatoa mkungu mzito, na ukishavunwa gogo lake linarudi zizini.

Sasa mwondoe mtu mmoja. Mama ana miaka 74, mgongo unauma, mtoto wa mwisho yuko Dar es Salaam. Majani hayakatwi. Mwaka wa kwanza wananunua ya kupakiwa kwenye pikapu, mwaka wa pili wanauza ng'ombe. Maziwa yanakwisha, na hilo linaonekana mara moja. Samadi nayo inakwisha, na hilo halionekani mpaka baada ya misimu kadhaa, mikungu inapoanza kuwa myepesi na migomba kuanguka upepo ukivuma. Kihamba kinachoonekana kijani kutoka barabarani kinaweza kuwa kimeshakufa njaa.

Ndizi zikipungua, mbege inapungua. Mbege si pombe ya kununua tu na kunywa. Inadai muda na watu. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la mti wa msesewe huipa uchungu wake. Ulezi huo ulikuwa ukilimwa hapohapo kwa maji ya mifongo, mifereji ya jadi. Siku hizi hununuliwa sokoni. Kazi hiyo ilikuwa ya akina mama kadhaa kwa pamoja, jirani na shemeji, na walipokuwa wakichuja ndipo walipopashana habari na kupatanisha wake waliokorofishana. Mbege yenyewe haijapotea, inauzwa kwa ndoo mpaka mijini. Kilichopungua ni ile siku ya kuitengeneza. Katika mahari, familia nyingi sasa hukadiria mbege kwa fedha au hupeleka kreti za bia na soda, na kipengele cha mbege kinabaki kimeandikwa kwenye orodha kwa jina lake la zamani.

Mfongo umepita njia hiyohiyo. Mifongo ni mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka kwenye mito ya msituni, ikitembea kilomita nyingi kando ya makorongo mpaka kwenye mashamba, na mingine ilihifadhi maji ya usiku kwenye mabwawa madogo yaitwayo nduwa. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na wazee wake. Siku ya kazi ilitangazwa, wanaume walitoka na majembe, na asiyetokea alitozwa faini. Mvua kubwa ikibomoa ukingo usiku, asubuhi watu walikuwa pale. Wana wa kijiji walioko mjini wako tayari kuchangia, na wanachangia: saruji, mabomba, fundi. Lakini mfongo unataka mtu wa kuupitia kila wiki, kuona panapovuja kabla hapajabomoka, na mtu huyo hatumwi kwa simu. Maji ya bomba yamepunguza shida ya nyumbani, na nani asingeyafurahia. Pamoja na hayo, mfongo ulipokauka kijiji kilipoteza kikao chake cha kazi, mahali ambapo vijana walifundishwa nani ni nani, mpaka wa fulani unaishia wapi, na nani alimsaidia nani mwaka wa njaa.

Hapa ndipo ninapoiona kanuni ya jambo lote. Mila inayotaka mikono ya kila siku inadhoofika. Mila inayotaka fedha na siku chache za likizo inastawi, mara nyingine kuliko zamani. Anayetazama za kwanza peke yake atasema Uchagga umekufa. Anayetazama za pili atasema haujawahi kuwa hai kama sasa.

Utamaduni wa wiki mbili

Ukitaka kuziona hizo za pili, nenda Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi barabara ya Segera hadi Moshi inajaa, nauli na tiketi za mabasi zinakuwa gumzo la nchi, na treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ilipofufuliwa Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 25, wakati uliochaguliwa haukuwa wa bahati nasibu. Watanzania wa makabila mengine hutania safari hii kila mwaka. Utani huo umeyazoesha masikio yetu hata hatuoni tena jinsi ilivyo ya ajabu: eneo zima la mashambani limehamishia karibu maisha yake yote ya jamii kwenye siku kumi na nne.

Ubatizo unasubiri Desemba. Kipaimara kinasubiri Desemba. Harusi, kikao cha ukoo, kumbukumbu ya babu, kuwekea kaburi marumaru, kumtambulisha mchumba, kugawa mpaka uliogombaniwa tangu Machi, yote yanasubiri Desemba. Makanisa hupanga harambee zao wakati huo kwa sababu ndipo wenye mishahara wanapokuwa kwenye benchi. Mambo yaliyokuwa yamesambaa mwaka mzima, yakifuata mavuno, ugonjwa na vifo, sasa yanafuata ratiba ya likizo ya shule na ofisi.

Msongamano huo umebadilisha sura ya mambo yenyewe. Chukua kuchinja. Kwa desturi mnyama wa ukoo hakatwi ovyo. Kila sehemu ina mwenyewe kulingana na nafasi yake, mzee wa ukoo, shangazi, mkwe, kijana aliyeshika kisu. Aliyekosewa sehemu yake ametukanwa, na aliyepewa amekumbushwa yeye ni nani katika ukoo. Mgao ulikuwa ramani ya ukoo iliyochorwa kwa nyama, na mtoto aliijifunza kwa kutumwa: peleka hii kwa fulani. Ukichinja mara moja kwa mwaka, mbele ya vijana ambao wengi hawajui majina ya nusu ya waliopo, mzee anayejua mgao anakuwa mtaalamu wa kuulizwa. Nimewaona wajukuu wakimrekodi kwa simu. Ni jambo jema. Linaonyesha pia kwamba kilichokuwa mazoea ya nyumba zote kimekuwa ujuzi wa mtu mmoja mwenye umri mkubwa.

Nyumba nazo zimebadilika. Vijijini Marangu, Machame, Kibosho na Rombo kuna majumba ya kifahari yenye vyumba vitano au sita ambayo taa zake huwaka wiki mbili kwa mwaka. Watu huyasema vibaya, kwamba ni fedha iliyozikwa. Mimi naona yana kazi. Mwanamume asiye na nyumba kwao hana sauti kwenye kikao cha ukoo, na nyumba ndiyo namna pekee ya kubaki mwanakijiji bila kuwepo. Ubaya wake uko kwenye ardhi: jumba na ua wake wa saruji hula sehemu ya kihamba ambayo tayari ilikuwa ndogo.

Kurudi kuzikwa

Mila iliyoimarika kuliko zote ni mazishi. Mchagga anayefia Dar es Salaam, Arusha au nje ya nchi hurudishwa akazikwe kihambani kwao, kati ya migomba, karibu na baba yake. Kundi la WhatsApp la ukoo linaweza kukusanya ndani ya siku mbili fedha ambazo mgonjwa huyo hakuzipata kwa matibabu, na hilo linauma kulisema lakini familia nyingi zinalijua. Basi linakodishwa, msafara unatembea usiku, ibada mchana, na baada ya matanga kuvunjwa ukoo unakaa na kumteua msimamizi wa mirathi papo hapo, wakati bado wote wapo.

Makaburi haya yana nguvu kisheria na kiroho. Kihamba chenye makaburi ya watu wanne hakiuziki kirahisi kwa mtu wa nje. Hakuna mnunuzi anayetaka kugombana na wafu wa wenzake, na hakuna mwana ukoo anayetaka kuwa ndiye aliyewauza. Kwa hiyo ardhi inabaki kwenye ukoo hata pale ambapo hakuna mwana ukoo anayeilima. Hilo ndilo jibu la fumbo la mwanzo. Ardhi imejaa kwa sababu wenyewe hawajaiacha, na haina watu kwa sababu wenyewe hawapo. Kijana aliyebaki kijijini, ambaye angeweza kulima ekari mbili, anapita kila siku kando ya ekari kumi zilizolala, na hana hata robo ya kwake.

Waliobaki

Nani basi anaishi pale siku za kawaida? Bibi kwanza. Wanawake wanaishi zaidi ya waume zao, na nyumba nyingi za mlimani ni za mjane mmoja, wakati mwingine na mjukuu mmoja au wawili waliotumwa kutoka mjini. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote kama ile iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016, kwa hiyo mkulima mzee anategemea anachotumiwa na watoto kwa simu. Uangalizi uliokuwa kazi ya kitinda mimba na mkewe umekuwa muamala wa kila mwezi na dada wa kazi wa kulipwa.

Halafu yupo binti. Huyu haonekani kwenye maelezo mengi ya mila, nami nadhani ndiye atakayezibadilisha kuliko wote. Aliyeachika, asiyeolewa, au mwalimu aliyeomba uhamisho ili awe karibu na mama yake: yeye ndiye anayemwogesha mzee, anayempeleka hospitali, anayejua mfuko wa mbegu uko wapi. Amefanya kila kitu ambacho mila ilimtaka kitinda mimba afanye ili astahili kurithi. Mzee akifariki, kaka wanashuka kutoka Dar na kumwambia kihamba hakiendi kwa binti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka wazi kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Vikao vya ukoo mara nyingi huamua kama vile haipo, lakini si vyote. Kuna wazee wanaoandika wosia na kumtaja binti, na hoja wanayoitoa ni ya kimila kabisa: ardhi huenda kwa aliyenitunza. Hawajavunja kanuni ya zamani. Wameifuata mpaka mwisho wake.

Wa mwisho ni mfanyakazi, kijana kutoka mkoa mwingine anayelala kwenye chumba cha nyuma ya jumba lililofungwa. Anapalilia, anakata majani, anauza ndizi, anatuma hesabu kwa simu. Lugha ya kihamba hicho ni Kiswahili, kwa sababu yeye hajui Kimachame wala Kirombo, na bibi amezoea kumsemesha kwa lugha anayoielewa. Mjukuu anayekua baina ya hao wawili anasikia Kichagga bibi anapozungumza na jirani yake tu. Wengi wanailaumu televisheni kwa kufifia kwa lugha za mlimani. Mimi ningeanza kutazama jikoni, nani anaongea na nani wakati wa kumenya ndizi.

Mfanyakazi huyo ndiye anayelima ardhi ya ukoo, na ukoo unamwogopa. Sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai shamba lililoshikwa na mwingine, na wenye vihamba walioko mbali wanaijua hesabu hiyo, au wameisikia nusu nusu. Wengi hawataki mtu akae sana. Wanambadilisha kila baada ya mwaka au miwili, bila mkataba, bila sehemu ya mavuno, bila ruhusa ya kupanda mti wake. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuweka samadi ambayo faida yake itaonekana misimu mitatu ijayo. Anavuna, na kihamba kinazidi kuchoka.

Jambo hili linarekebishika bila kungojea vijana warudi. Mkataba wa maandishi, ulioshuhudiwa na serikali ya kijiji na kueleza wazi kwamba aliyepo ni mpangaji au mlimaji wa kugawana mazao, unaondoa hofu ya kunyang'anywa, kwa sababu anayekaa kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kudai kwamba ameishika ardhi kama yake. Ukoo unaweza kumpa miaka mitano au kumi, ng'ombe wa kufuga kwa kugawana ndama, na masharti kuhusu makaburi na miti. Unaweza pia kumpa nafasi hiyo yule kijana wa kijijini hapo hapo anayepita kila siku kando ya ekari zilizolala, au binti aliyebaki na mama. Vikao vya Desemba vina ajenda ndefu ya marumaru na harusi. Hili nalo linaingia kwenye daftari la kikao kilekile, mbele ya watu walewale, kabla hawajapanda basi la kurudi.